Jedwali langu la kikapu cha Czech: wiki tano za mwanzo

Wiki ya 1

Nimeanza rasmi. Kwa kila mchezo wa NBL, ligi kuu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Jamhuri ya Czech, nataka kuchukua takwimu za wachezaji na timu, nizipange kwenye jedwali langu, kisha jedwali lenyewe linipigie kelele hesabu zisipokubaliana. Naishi Praha na huwa naenda uwanjani, kwa hiyo nazijaribu tarakimu za ligi ambayo naiona kwa macho.

Kazi ya kwanza imekuwa kamusi. Body ni pointi. Doskoky ni rebaundi, yaani mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa, útočné zikiwa za kushambulia na obranné za kujilinda. Zisky ni mipira iliyoporwa, ztráty ni iliyopotezwa, trestné hody ni mitupo huru. Asistence, yaani asisti, pasi inayozaa kikapu, haihitaji mkalimani. Neno lililonigusa ni užitečnost, yaani manufaa: mchezaji anahesabiwa mema yake (pointi, rebaundi, asisti, mipira aliyopora, mitupo aliyozuia), kisha anakatwa mitupo aliyokosa na mipira aliyopoteza. Ligi nyingine za Ulaya huingiza humo hata faulo alizofanya na alizofanyiwa. Napenda kwamba wameiita manufaa. Mtu anaweza kufunga pointi nyingi jioni nzima na bado manufaa yake yakawa madogo.

Wiki ya 2

Wiki ya kupambana na herufi. Nusu ya majina yaliingia kwenye faili yakiwa na alama za kuulizia mahali pa ř na š. Asilimia nazo zilikataa kujumlishwa, kwa sababu Wacheki huandika desimali kwa mkato, sisi kwa nukta. Programu ilikuwa inazisoma kama maneno. Yote yamerekebishwa. Limebaki suala la mpangilio: kwa Kicheki, Ch ni herufi moja na hukaa baada ya H, kwa hiyo anayeanza na Ch hatafutwi jirani na C. Niliyejifunza a, ba, cha, da nimelielewa mara moja.

Wiki ya 3

Nimeweka walinzi watatu kwenye jedwali, yaani hesabu tatu za kunasa makosa.

Wa kwanza ni dakika. Mchezo wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una robo nne za dakika 10, wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo dakika za timu lazima zifike 200. Wa pili ni pointi: vikapu vya mbili mara mbili, vya tatu mara tatu, ongeza mitupo huru iliyoingia. Aliyefunga vikapu vitatu vya mbili, viwili vya tatu na mitupo huru minne ana 16, hakuna mjadala.

Wa tatu ndiye aliyeninyima usingizi. Nikijumlisha rebaundi za wachezaji wote wa timu, sipati jumla iliyoandikwa chini. Siku mbili nimekuwa nikitafuta kosa langu, na kosa halikuwepo. Mtupo ukikosa, mpira ukagonga chuma ukatoka nje kabla ya yeyote kuushika, rebaundi inaandikwa kwa timu itakayorudisha mpira uwanjani, haina jina la mtu. Mipira iliyopotezwa ni hivyo hivyo: sekunde 24 zikiisha bila mtupo, hasara ni ya timu nzima. Nimeongeza mstari mmoja chini ya majina, nimeuita "timu", na hesabu zote zimekaa sawa. Nilifurahi mno usiku ule.

Wiki ya 4

Hii nataka niiandike kwa kirefu maana imebadilisha namna ninavyotazama mchezo.

Nilianza kusoma mtiririko wa matukio, ule unaoandika kila kitu kwa sekunde yake, ili niunganishe kila asisti na kikapu chake. Ikatokea asisti isiyo na kikapu. Pasi imetoka, mpokeaji ameruka, amefanyiwa faulo, mtupo haukuingia. Halafu mitupo huru, na mpiga pasi ana asisti. Nikaiwekea alama nyekundu. Baadaye ikatokea nyingine, tena kwenye mchezo ambao nilikuwa jukwaani na daftari langu, na mimi sikuwa nimeiandika.

Jibu liko kwenye mwongozo wa FIBA kwa watunza takwimu. Pasi ikizaa faulo ya mtu aliyekuwa akitupa, na akaingiza angalau mtupo huru mmoja, mpiga pasi anapewa asisti. NBA, ligi ya Marekani, hawafanyi hivyo. Nadhani FIBA wana haki zaidi hapa: pasi ilikuwa njema, aliyebaki peke yake chini ya kikapu alibaki kwa sababu ya ile pasi, na beki aliamua kumpiga mkono badala ya kumwachia. Kwa nini kazi ya mpiga pasi ifutwe na faulo ya mwingine?

Lakini ina gharama kwenye jedwali. Nilikuwa nimeandaa ukurasa wa Tomáš Satoranský, Mcheki aliyecheza NBA, asisti zake za Washington na Chicago kando ya zile za timu ya taifa. Nimeufuta. Dakika 48 upande mmoja, 40 upande wa pili, na neno asisti lenyewe si kitu kimoja. Nitaujenga upya kwa namna nyingine.

Wiki ya 5

Nimejaribu muda wa nyongeza. Mchezo niliouchagua si wa ligi: Julai 2021, mjini Victoria, Wacheki waliifunga Canada 103–101 nyumbani kwao baada ya dakika tano za ziada, Satoranský akitia kikapu cha mwisho. Baada yake waliitandika Ugiriki 97–72 na kwenda Olimpiki ya Tokyo. Jedwali sasa linadai dakika 225 kwa kila timu, na linakubali.

Nimeongeza pia umiliki wa mpira: mitupo yote ya uwanjani, ongeza 0.44 ya mitupo huru, toa rebaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotezwa. Timu hupokezana mpira, hivyo umiliki wa pande mbili lazima ukaribiane. Ukiachana sana, kuna kitu nimenakili vibaya. Huyu ndiye mlinzi wangu wa nne, na tayari amenikamata mara mbili.

Kinachofuata ni Nymburk. Timu ya mji mdogo mashariki mwa Praha, iliyoanza kutwaa ubingwa wa NBL 2004 na kuendelea kuutwaa msimu baada ya msimu kwa miaka mingi. Nataka kujua ubora huo unakaa wapi: kwenye mitupo, kwenye rebaundi, au kwenye mipira wasiyoipoteza. Jumamosi naanza na michezo yao ya nyumbani, robo kwa robo, na mstari wa "timu" ukiwa mahali pake.