Amplifaya ya miaka ya 70: usiichomeke kwanza

Amplifaya iliyolala stoo miaka ishirini mara nyingi haifii stoo. Inafia mezani, dakika ile ile inapopanguswa vumbi na kuchomekwa ukutani "tuone kama inawaka". Kapasita zake, vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, zimekaa bila umeme muda wote huo, utando wa ndani umedhoofika, halafu ghafla zinapewa volti zote kwa mpigo mmoja. Moja ikipiga shoti, dayodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinafuata, na mambo yakienda vibaya zaidi transfoma nayo inaungua. Kapasita utapata, dayodi utapata. Transfoma ya Sansui ya mwaka 1975 utaitafuta mpaka uchoke.

Nazungumzia hapa amplifaya na risiva (amplifaya zenye redio ndani) zilizotengenezwa Japani miaka ya 70: Pioneer, Sansui, Kenwood, Technics, na Marantz, ambayo ni chapa ya Kimarekani lakini nyingi za wakati ule zilitoka viwanda vya Japani. Mwaka 1974 Marekani ilileta kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji watangaze wati za kweli, zilizopimwa kwa utaratibu mmoja, na ushindani ukageuka kuwa wa transfoma na vyuma. Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976 ilitoa wati 160 kila upande. SX-1980 ya mwaka 1978 ilifika 270, na uzito wake unazidi kilo 30. Zinafaa kwa fundi wa nyumbani kwa sababu kila kipuri kinaonekana kwa macho, miguu yake inashikika kwa koleo, na michoro ya saketi za nyingi kati yake inapatikana mtandaoni. Pakua mchoro kabla hujashika bisibisi.

Anza na kibao cha nyuma. Kikisema volti 100, mashine ilitengenezwa iuzwe Japani kwenyewe, na redio yake ya FM huishia megahezi 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa kazi ya amplifaya bado ni nzuri, ila itahitaji transfoma ya kushushia umeme maisha yake yote. Kikisema volti 120, hezi 60, ni ya Marekani au Kanada, na ushauri ni ule ule. (Kwa santuri ni balaa zaidi. Pleya yenye mota ya AC hufuata hezi, na transfoma inashusha volti tu, haibadilishi hezi. Sahani ya mizunguko 33 na theluthi itazunguka karibu 28, na mwimbaji atasikika kama ana usingizi. Dawa ni puli ya hezi 50, kama ilitengenezwa.)

Zenye swichi ya kuchagua volti, weka 240, si 220. Tofauti inaonekana ndogo, lakini 240 kwenye transfoma iliyowekwa 220 inapandisha volti zote za ndani kwa asilimia 9. Kapasita ya volti 50 iliyokuwa inabeba 46 sasa inabeba 50 kamili, na usiku wa manane, watu wakizima vyombo vyao na umeme ukipanda, inavuka kikomo.

Sasa fungua kifuniko. Mende na mijusi watatoka, au mabaki yao. Mkojo wa mjusi unakula njia za shaba kwenye bodi, kwa hiyo palipo na alama ya kijani safisha kwa spiriti ya asilimia 99 na brashi ya meno. Angalia fyuzi zote moja moja. Ukikuta iliyofungwa uzi wa waya, usicheke tu ukaendelea. Hiyo ni barua kutoka kwa fundi aliyetangulia: fyuzi ilikuwa inakatika, sababu hakuitafuta, na kilichokuwa kinaikata bado kimo humo. Rudisha fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye bodi.

Tafuta pia gundi. Viwanda vilishikizia kapasita kubwa kwa gundi iliyokuwa ya rangi ya maziwa au njano ilipokuwa mpya. Kwa joto na miaka inageuka kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri vilivyo jirani. Ikiwa kahawia, kwangua yote kwa kijiti cha mbao. Rezista au dayodi ambayo mguu wake umegeuka mweusi chini ya gundi hiyo, ibadilishe hata kama inapima vizuri leo.

Kabla ya umeme, pima transista za mwisho, zile kubwa zinazosukuma spika, zilizofungwa kwenye bati la kupooza. Kila moja ina miguu mitatu: besi, emita na kolekta. Weka multimita kwenye alama ya dayodi. Besi kwenda emita, na besi kwenda kolekta, zisome kama volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili zisipitishe. Kolekta na emita zikilia "piii" pande zote, hiyo imekufa, na huenda imeondoka na rezista ya emita na transista ndogo inayoiendesha. Badilisha jozi nzima ya upande huo, na umalize kupima zile ndogo kabla hujaweka mpya, la sivyo mpya nazo zitaungua. Chini ya kila transista rudisha karatasi ya maika na mafuta meupe ya kupoozea, kisha pima kolekta dhidi ya bati: mita ikilia, maika imetoboka.

Transista kubwa za bei ya kutupa zimejaa madukani, na nyingi ni bandia: jina la mbele ni la wati 150, kipande cha ndani ni cha wati 30. Zinafanya kazi vizuri kwa sauti ndogo, kisha zinapasuka siku ya sherehe. Mtu wa nyumbani akisafiri, agiza kwake MJ15003 na MJ15004 kutoka kwa msambazaji anayejulikana kama Mouser, Digi-Key au Farnell. Jozi hiyo inaingia mahali pa transista nyingi za Kijapani za umbo la chuma, mradi ulinganishe volti na ampea zake na zile za asili.

Umeme wa kwanza uingie kupitia balbu. Chukua balbu ya kizamani yenye uzi, wati 60 kwa amplifaya ya kawaida na 100 kwa kubwa, iunge kwenye waya wa moto kabla ya amplifaya, ili umeme wote upite kwenye uzi wa balbu kwanza. Balbu ya LED haifai kabisa kwa kazi hii. Usiunge spika. Washa. Kama mambo ni salama, balbu inamulika kwa nguvu sekunde moja kapasita zinapojaa, kisha inafifia hadi wekundu hafifu. Ikibaki inawaka kama taa ya sebuleni, zima: kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Usishangae relei ya spika, yaani swichi ya umeme inayounganisha spika, isipolia "tak" ukiwa kwenye balbu. Volti zimepungua, na ulinzi mwingi hautakubali.

Ikipita hapo, iache dakika kumi na tano, kisha pima umeme wa DC (ule wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika, kila upande. Milivolti 0 hadi 50 ni sawa. Zikizidi 100, kuna transista au rezista iliyochoka kwenye hatua ya kwanza. Ukisoma volti ishirini au thelathini, kuna transista iliyopiga shoti, na spika ukiiunga itakuwa jiko.

Mashine nyingi zinazoitwa mbovu, nikiulizwa mimi, ni chafu tu. Upande mmoja hausikiki, volyumu inakwaruza, sauti inarudi ukigonga kifuniko: hayo ni matundu na swichi. Ila kabla ya kunyunyizia chochote, angalia mambo mawili ya aibu. Kwanza, kitufe cha Tape Monitor kikibonyezwa, amplifaya inasubiri sauti kutoka deki ambayo haipo, na inakaa kimya. Pili, baadhi zina vyuma viwili vya umbo la U nyuma, vinavyounganisha Pre Out na Main In. Vikipotea hakuna sauti. Weka waya mfupi wa RCA mahali pake.

Kwa volyumu na swichi tumia dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, kama DeoxIT, umeme ukiwa umechomolewa. Ingiza mrija kwenye tundu dogo karibu na miguu ya potenshometa, kile kipuri kilicho nyuma ya kitufe cha volyumu, nyunyiza kidogo sana, zungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini au arobaini. Dawa inabeba uchafu pale tu kitu kinaposugua. Ukinyunyiza ukaacha, umepoteza dawa. WD-40 ya kawaida iache kwa bawaba za mlango. Huko pwani, hewa ya chumvi inachafua mawasiliano ya swichi haraka, kwa hiyo rudia mara mbili na uache saa nzima ikauke.

Relei ya spika ina ugonjwa wake: sauti hafifu upande mmoja, ambayo ukiongeza volyumu ghafla inafunguka. Fungua kifuniko chake, loanisha kipande cha karatasi nyeupe kwa spiriti, kibane kati ya visahani na ukivute mara kadhaa mpaka kitoke safi. Msasa unakwangua utando wa juu, na mwezi ujao utakuwa pale pale.

Kapasita ndizo zinazozua ubishi. Wapo wanaong'oa zote siku ya kwanza, mia moja kwa mkupuo, na mashine iliyokuwa inaimba inabaki bubu bila mtu kujua kosa liko wapi. Badilisha kwa sababu. Kapasita ya kawaida imeandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 85, na uhai unakaribia kuongezeka maradufu kila joto likishuka nyuzi 10. Kwa hiyo zinazokufa mapema ni zile zilizobanwa na rezista za moto, hasa kwenye bodi ya umeme. Anza na hizo: mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, nyuzi 105. Yale makopo makubwa ya mikrofaradi 10,000 yaache, isipokuwa yamevimba, yamevuja, au kuna mvumo wa hezi 100 pande zote mbili hata volyumu ikiwa sifuri. Kabla ya kuyagusa yatoe umeme kwa rezista ya kilo-omu 1, wati 5, kwa dakika moja, kisha pima. Kuyatoa umeme kwa bisibisi kunatoa cheche na kuharibu vituo.

Fanya moja moja, piga picha kwanza. Mstari kwenye kapasita ni upande wa hasi, lakini alama ya bodi inaweza kuwa ya chanya au ya hasi kutegemea kiwanda, kwa hiyo fuata kapasita ya zamani ilivyokaa. Bodi hizi za kahawia hazipendi joto: nyuzi 350, sekunde tatu, ondoka. Ukikaa zaidi, njia ya shaba inanyanyuka kama ganda la kitunguu.

Kama kuna mchakacho kama mafuta yanayokaanga hata bila muziki, mtazame transista mdogo 2SC458, na mwingine, 2SA726. Wanajulikana kwa hilo. KSC1845 na KSA992 wanachukua nafasi zao, ila hakiki mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya maelezo ya kila mmoja.

Mwisho ni bayasi, yaani mkondo mdogo unaopita kwenye transista za mwisho hata pasipo muziki. Sasa balbu imeondolewa. Vile vipotensha vidogo vya kurekebishia vimechoka. Kwenye saketi nyingi kikipoteza mguso bayasi inapanda hadi juu kabisa na transista zinaungua zote. Weka vipya, vikiwa vimezungushwa upande unaotoa mkondo mdogo. Washa, subiri dakika kumi, pima volti kwenye rezista ya emita: milivolti 20 kwenye omu 0.47 ni miliampea 43 hivi. Kiwango halisi kimo kwenye mwongozo wa mashine yako. Panda polepole, subiri ipate joto, rekebisha tena, kisha pima DC kwenye matundu ya spika upya. Saa mbili za kwanza za muziki zipigwe kwenye spika ambayo hutailia.