Nilivyoinua tena blogu ya mboga za gunia baada ya wasomaji kukwama

Blogu yangu inafundisha kulima sukuma wiki, managu na dania kwenye magunia na ndoo, kwa watu wa Nairobi wenye veranda ya mita mbili au kijisehemu cha paa kwenye ploti. Wasomaji walisimama palepale zaidi ya mwaka, hata nilipotoka makala mbili kwa wiki hadi nne. Kilichoikwamua ni kuacha kuandika makala mpya kwa miezi mitatu na kurudi kwenye zile 118 zilizokuwepo.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha kweli umekwama. Blogu ya kilimo hupanda na kushuka na mvua. Watu huulizia miche kuelekea masika ya Machi hadi Mei, na tena kuelekea vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ukilinganisha Julai na Aprili utadhani umefilisika. Google Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha jinsi watu wanavyoifikia blogu yako, ni ya bure na huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo pima miezi mitatu iliyopita dhidi ya miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia.

Halafu soma tarakimu tatu kwa pamoja: maonyesho (mara ngapi makala imetokea kwenye matokeo ya Google), mibofyo (mara ngapi imefunguliwa kutoka hapo) na nafasi (iko ya ngapi kwenye orodha hiyo). Maonyesho yakibaki yaleyale huku mibofyo ikipungua, watu wanakuona na kukupita. Ama kichwa cha makala ni kibovu, ama Google yenyewe inawajibu juu ya ukurasa kabla hawajakufikia. Maonyesho yakishuka na nafasi ikabaki vilevile, watu wameacha kuuliza swali hilo, na hakuna ufundi wa uandishi utakaowarudisha. Nafasi ikiteleza, kuna aliyekuzidi au unashindana na wewe mwenyewe. Tahadhari moja: usitazame nafasi ya wastani ya blogu nzima. Ukianza kuonekana kwa maswali mapya ukiwa ukurasa wa tano, wastani huo utaharibika ingawa mambo yanakwenda vizuri. Tazama swali mojamoja.

Ugonjwa wangu ulikuwa wa kushindana mwenyewe. Nilikuwa na makala saba kuhusu sukuma wiki ya gunia: moja ya udongo, moja ya kumwagilia, moja ya "makosa matano", na nyingine zikirudia hizo kwa maneno mengine. Kuligundua hilo ni rahisi. Kwenye ripoti ya matokeo ya Search Console bonyeza swali moja, kisha fungua orodha ya kurasa. Ukiona kurasa tatu zinapokezana maonyesho na zote ziko nyuma ya nafasi ya kumi, Google haijui imwonyeshe msomaji ipi. Lakini zikiwa mbili na zote ziko juu, ziache. Hilo ni pato, si hasara.

Pakua orodha ya kurasa zote, iweke kwenye jedwali, na mbele ya kila makala andika neno moja: acha, rekebisha, unganisha au ondoa. Kwangu "ondoa" zilikuwa chache, hasa matangazo ya maonyesho ya kilimo yaliyokwisha pita. "Unganisha" ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na ndipo wengi huumia.

Katika kundi la makala zinazofanana, chagua moja iwe mama. Usichague unayoipenda, chagua yenye mibofyo mingi na inayounganishwa na tovuti nyingine. Hamishia humo aya nzuri za zile nyingine na uziandike upya zishikane, maana ukizibandika tu unapata makala ndefu inayojirudia. Kisha elekeza anwani za zamani kwenye ile mama kwa njia ya kudumu, iitwayo 301, ili anayefungua ya zamani apelekwe yenyewe kwenye mama. Ukitumia WordPress kuendesha blogu, ina plugini (programu za nyongeza) za kazi hiyo. Blogger, huduma ya blogu ya Google, ina sehemu yake ndani ya mipangilio. Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kufuta makala bila kuelekeza anwani yake, na aliyeihifadhi simuni anakuta ukurasa haupo. La pili ni kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo: Google huhesabu hiyo kama ukurasa usiokuwepo, na nguvu ya viungo (linki) vya zamani inapotea. Mwisho, pitia makala nyingine zote ubadilishe viungo vielekee moja kwa moja kwa mama, visizunguke. Zile saba zangu zikawa mbili: moja ya kutengeneza gunia kuanzia kokoto za katikati hadi mashimo ya ubavuni, nyingine ya vidukari na magonjwa.

Baada ya hapo nilihamia kwenye vichwa. Hapa Kiswahili chetu kina mtego wake. Kamusi inasema mnavu. Mtu wa Githurai au Kayole anaandika managu. Makala yangu ya mnavu ilikuwa sahihi kabisa na haikusomwa. Niliweka "managu" kwenye kichwa, nikaacha "mnavu" kwenye aya ya kwanza kwa ajili ya msomaji wa Mombasa au wa Tanzania. Usibahatishe maneno haya. Yako kwenye ripoti ya maswali, pamoja na tahajia zao mbovu. Tahajia mbovu usiziige, Google inazielewa. Jina tofauti la kitu kilekile ndilo la kuzingatia.

Anza na kurasa zilizo kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Iliyo ya 60 inahitaji kazi ya mwezi, iliyo ya 11 inaweza kuhitaji jioni moja. Kichwa kikizidi herufi 60 hivi huenda kikakatwa kwenye simu, kwa hiyo neno la maana litangulie. Sentensi mbili za kwanza zijibu swali lenyewe. Aliyeuliza "gunia moja linabeba miche mingapi" asisomeshwe kwanza umuhimu wa lishe bora. Mimi nilikuwa na mazoea hayo ya utangulizi wa insha ya shule, na kuyafuta pekee kulipunguza makala nyingi kwa robo.

Picha ni shida nyingine, na hii inagusa mfuko wa msomaji. Picha iliyotoka simuni moja kwa moja hufika megabaiti 3 au 4. Makala yenye picha kumi inakula bando la mtu kabla hajafika kwenye samadi. Punguza upana uwe pikseli 1200, hifadhi kwa WebP, muundo unaobana picha iwe nyepesi, na lenga kilobaiti 150 kushuka chini. Picha za chini ya ukurasa zipakiwe msomaji anapozifikia, lakini ile ya kwanza kabisa isicheleweshwe, kwa sababu mara nyingi ndiyo Google inayoipima: kipengele kikubwa kinatakiwa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Jaribu kwa simu ya bei nafuu, kwa bando, saa moja jioni. Waifai ya ofisini inadanganya.

Kwa wasomaji wa kurudi nilitegemea WhatsApp, lakini orodha ya kutuma kwa wengi ina ukomo wa watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Nikahamia chaneli ya WhatsApp, iliyokuja mwaka 2023. Haina usumbufu huo na namba za watu hazionekani. Weka dokezo zima palepale, kama kiasi cha samadi kwa debe la udongo, na kiungo kiwe cha anayetaka zaidi. Ukituma viungo vitupu kila siku watu watakunyamazisha.

Weka daftari la mabadiliko: tarehe, makala, ulichobadilisha. Gusa makala tano au sita kwa wiki, kisha subiri wiki nne hadi sita kabla ya kuhukumu, maana Google haizipitii zote siku moja. Ukibadilisha ishirini kwa usiku mmoja na mwonekano wa blogu juu yake, mambo yakiharibika hutajua cha kurudisha. Na kusogeza tarehe ya makala mbele bila kubadilisha chochote ndani ni kujisumbua tu. Siku hizi nabadilisha tarehe pale tu ninapoongeza hatua, bei au picha mpya.

Makala mpya nimerudia, moja kwa wiki, baada ya kuuliza kwanza kama swali lake halijajibiwa tayari. Ikichapishwa, siku hiyohiyo naiwekea viungo kutoka makala tatu za zamani zinazosomwa sana. Za masika zinakuwa tayari katikati ya Januari, za vuli katikati ya Agosti, ili Google iwe imeshazizoea kabla watu hawajaanza kutafuta magunia.