Plagini ya mwangwi na DVD yangu ya Windows

Mwalimu wa kwaya alishuka stendi ya Nane Nane, hapa Mbeya, asubuhi na mapema akitokea Tukuyu. CPU (boksi zima, kama tunavyoita sisi wa mtaani) ameifunga kitenge, juu yake mfuko wa mbolea, maana kwao mvua haina ratiba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Mashine yako inaniaibisha mbele ya masoprano."

Aliposema "yako" nilijua imo ndani lawama, na ilikuwa haki. Windows ya hiyo mashine niliipiga mimi mwenyewe.

Tatizo lilikuwa hivi. Programu ya kurekodia inafunguka vizuri, sauti zinaingia vizuri, ila akiweka plagini (kiprogramu cha nyongeza) mpya ya mwangwi aliyonakiliwa na kijana wa Dar, programu nzima inafungika papo hapo. Haisemi imekosa nini. Akiitoa plagini, kila kitu salama.

Nikafanya ujinga wa kifundi wa kawaida: nikachomoa RAM, nikasugua meno yake kwa raba, nikabadilisha na nyingine. Bado. Nikapaka pesti mpya kwenye prosesa. Bado. Mwalimu amekaa kwenye benchi anakunywa chai, ananitazama kama mwanakwaya aliyekosa noti mara ya tatu. Ndipo nikafungua kumbukumbu za matukio za Windows, kitu ambacho ningeanza nacho, nikakuta msimbo 0xc000001d. Maana yake prosesa imepewa amri isiyoikubali.

Sasa prosesa yenyewe ni Core i5-2400, kizazi cha Sandy Bridge, Intel walichokitoa Januari 2011. Hicho ndicho kizazi chao cha kwanza chenye AVX, zile amri za kupiga hesabu nyingi kwa mpigo mmoja, na watu wa sauti na picha wanazipenda sana. Nikawasha mashine kwa flashi ya Linux, nikasoma /proc/cpuinfo, faili linaloorodhesha uwezo wa prosesa: neno avx lipo pale, halijajificha. Chipu inaweza. Nani anaizuia?

Nikarudi Windows, nikaandika winver, amri ya kuonyesha toleo la Windows. Build 7600.

Hapo nikanyamaza kidogo. 7600 ni Windows 7 ya mwanzo kabisa, ya 2009, kabla ya Service Pack 1, furushi kubwa la masasisho. Ikishawekwa hiyo inasoma 7601. DVD yangu ni ya zamani kuliko hiyo prosesa, na masasisho niliyazima mwenyewe, kama ninavyowafanyia wateja wote, ili yasile bando.

Nilimweleza mwalimu kwa mfano wa sokoni. Chukua meza moja pale Mwanjelwa, inatumiwa kwa zamu na wauzaji kumi. Zamu ya mmoja ikiisha, mlinzi anabeba bidhaa zake stoo, na mwenyewe akirudi anakuta kila kitu kama alivyokiacha. Meza ni prosesa, mlinzi ni Windows, bidhaa ni namba zilizomo kwenye rejista, yaani visanduku vidogo vya hesabu ndani ya prosesa. Zamu hizo zinabadilika mara nyingi kwa sekunde moja. Rejista za zamani za kazi hii zilikuwa na upana wa biti 128. AVX ikazipanua hadi biti 256, nazo ni 16. Mlinzi asiyejua upana huo angehifadhi nusu tu, na ile nusu nyingine angeivuruga mwenye zamu inayofuata. Utapata hesabu mbovu bila hata onyo. Kwa hiyo Intel wakaamua chipu ikatae amri hizo kabisa mpaka mfumo endeshi useme wenyewe kwamba stoo ipo: unawasha biti ya 18 ya rejista iitwayo CR4, kisha unataja kwenye rejista nyingine, XCR0, ni vitu gani utavihifadhi. Sehemu ya kuhifadhia ilikuwa baiti 512, ikawa 832.

"Kwa hiyo mlinzi wako hajui meza imepanuliwa," akasema mwalimu.

Haswa. Linux walijiandaa tangu toleo la 2.6.30, katikati ya 2009, kabla hata chipu haijafika dukani. Windows 7 ilisubiri Service Pack 1, Februari 2011.

Si kila amri mpya ina masharti haya, lakini. Amri nyingine kama POPCNT na SSE4.2 hazileti rejista mpya, kwa hiyo zinafanya kazi hata chini ya mfumo wa zamani. Siku hizi ubishi umegeuka upande wa pili: Windows 11 ya 24H2 inazidai hizo hizo mbili, na prosesa zetu za zamani za Core 2 Duo haziwaki nayo.

Na aliyeandika ile plagini naye ana kesi. Kanuni inasema uliza chipu kama ina AVX, halafu uliza kama mfumo umeiruhusu. Huyu aliuliza swali la kwanza, akaridhika, akaingia ndani bila hodi. Angeuliza yote mawili, plagini ingetumia njia ya polepole na mimi nisingesugua RAM ya mtu.

Windows 10 hatukuweza kuweka, kwa sababu kadi yake ya sauti ina draiva za Windows 7 tu, na mashine haijaunganishwa na intaneti. Nikapakua Service Pack 1 kwa bando la usiku, karibu MB 900. Kesho yake ikawekwa, ikajiwasha upya mara kadhaa, winver ikasoma 7601. Plagini ikafunguka. Sauti ya besi mmoja ikasikika kama yuko ndani ya kanisa kubwa.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaanza kufunga kitenge. Sikumdai kitu.

DVD ile ile nimeipiga kwenye mashine nyingine tatu ninazozikumbuka. Nimeanza kuwapigia wenyewe. Wa kwanza, dada wa duka la steshenari pale Soweto, amenijibu: "Fundi, yangu inachapa vizuri. Usiiguse."