Shoo ya maua ilinitia hasara, nduma zikaniokoa

Acha nianze na hasira. Kila mtu akijua kazi yangu ni kupanga bustani za watu, ushauri ni ule ule, ati tembelea bustani nzuri nzuri, nenda shoo za maua, macho yakishiba mawazo yatakuja yenyewe. Hakuna anayekwambia ukifika huko uangalie nini. Mimi niliangalia maua, na hayo maua yalinila pesa ambazo mpaka leo nikizikumbuka nageuka kitandani.

Kisa chenyewe ni cha mteja mmoja wa huko Embakasi, hapa Nairobi, mama mstaafu, mtu wa heshima zake. Alikuwa ameenda Uingereza mwezi wa Mei kumwona binti yake, binti akampeleka ile shoo ya Chelsea, ile yenyewe ya London inayofanywa kwa uwanja wa Royal Hospital tangu 1913. Akarudi na picha kwa simu, nafikiri 300 na ushee, na sio kwamba alinitumia, la, aliniketisha sebuleni na chai tukazipitia moja baada ya nyingine. "Kijana wangu, hii." Kidole kinasukuma. "Na hii. Hii nayo ikae hapo chini ya dirisha." Maua marefu ya zambarau, mengine mviringo kama mpira juu ya kijiti, mengine yananing'inia kama kengele, yote yamebanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Halafu katikati ya hizo picha kukatokea moja ya kale kaua wazungu wanakaita African violet, amekapiga karibu kabisa mpaka manyoya ya jani yanaonekana. Sikuwa na roho ya kumwambia hako ni ka hapa hapa, kalitoka milima ya Usambara huko Tanga, Mjerumani mmoja kwa jina Walter von Saint Paul-Illaire akakapeleka kwao karne ya 19 na kakabandikwa jina lake, Saintpaulia, na hata Taita kwetu kana ndugu yake anamea mwituni. Mama wa watu amepanda ndege kwenda kushangaa jirani. Nikanyamaza nikanywa chai yangu.

Sasa badala ya kuuliza maswali, nikasema "haina shida mama, inawezekana."

Kitu pekee nilikataa ni tulipu, hiyo angalau nilijua, kitunguu chake kinataka wiki kama 12 za baridi kali ndio kitoe ua vizuri, na baridi yetu ya Julai inayotufanya tuvae makoti mawili kwa tulipu ni mchezo. Hayo mengine yote nilifuata picha kama mtoto anayenakili ubaoni. Nilienda hadi Limuru kutafuta delfiniamu, yale maua marefu ya zambarau, nikanunua lavenda kama 60 hivi kwa wale wauza miche wa barabarani, mbolea, usafiri, watu wawili wa kuchimba, jumla ilikuwa kitu kama 70,000 au 80,000, sikuandika mahali na nashukuru sikuandika.

Na Embakasi wewe unaijua. Ule udongo mweusi, blaki kotoni. Januari ukiangusha spana kwa ufa hiyo spana umeaga, Aprili ukikanyaga unarudi na soksi. Mimi nilipanda Machi mwishoni nikijiambia mvua itanisaidia kumwagilia. Wiki mbili za kwanza palikuwa panang'aa, nilipiga picha, nikaweka kwa status, kuna jamaa wawili wakaniuliza bei zangu. Kisha mvua ikaja yenyewe, sio manyunyu. Siku ya tatu simu ikalia.

"Kijana wangu, hapa tunafuga samaki?"

Nikafika nikakuta bwawa. Lavenda zimekuwa kijivu kutoka chini kwenda juu, ukivuta inatoka na mkono bila mizizi. Delfiniamu zimelala chini kama walevi na konokono wako juu yao wanamaliza kazi. Niliokota, niliokota, mama amesimama kwa veranda na mwavuli, hasemi kitu, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko matusi. Balansi yangu sikuidai, ningeanzia wapi?

Lakini kuna lavenda moja ilikuwa hai. Moja tu. Ilikuwa juu ya kichuguu cha kokoto ambacho mafundi wa ukuta waliacha wakitoroka, mtu wangu aliichomeka hapo kwa uvivu ili asichimbe. Niliiona nikaondoka nayo kichwani.

Baadaye ndio nilikuja kuelewa zile bustani za Chelsea ni nini. Zinajengwa kwa wiki tatu hivi, zinaonyeshwa siku chache, halafu zinabomolewa. Mimea imelelewa kwingine, ingine ikaharakishwa kwa joto na ingine ikacheleweshwa kwa baridi ndio yote ichanue wiki moja, na mingi bado iko ndani ya mkebe wake, mkebe umefukiwa tu usionekane. Ile ni keki ya arusi ya dirishani, ndani ni boksi. Siku ya mwisho saa kumi jioni kengele inapigwa na watu wanauziwa mimea waende nayo nyumbani, unaona mtu amekumbatia ua refu kuliko yeye anaingia nalo kwa treni. Hiyo siku ya mwisho ndio ningeenda mimi kama ningekuwa huko. Hata hapa kwetu siku hizi naenda shoo siku ya mwisho, mmea uliosimama juani siku zote hizo na bado una uso, huo ndio wa kuulizia, na bei pia inakuwa imelegea kwa sababu hakuna mtu anataka kubeba mikebe kurudi nayo.

Basi Septemba mwishoni ikafika ile shoo ya kilimo ya Jamhuri Park, hapa Nairobi. Nilienda nikiwa bado na kisirani, nikazunguka banda la maua, nikaona mawaridi, nikaona mikebe imepangwa ngazi ngazi, nikaona sina hamu. Nikatoka kutafuta mahindi ya kuchoma. Na hapo njiani, upande wa wakulima, nikapita kwa ploti ya maonyesho ya nduma, wengine wanaziita magimbi.

Nduma ninazijua, nimezila tangu nizaliwe, lakini nilikuwa nazijua za bondeni, miguu ndani ya maji. Hizi zilikuwa zimepandwa juu kavu kabisa. Wamechimba mtaro kama futi mbili, wakatandika karatasi ya nailoni chini na kando, wakarudisha udongo na samadi, wakapanda. Maji yakiingia hayatoroki. Na yale majani bana! Makubwa kama sinia, yanainama pamoja upepo ukipita, tone la maji likianguka juu linabiringika kama shanga. Nilichuchumaa hapo mpaka yule kijana wa banda akaniuliza kama nataka miche. Kichwani mwangu naona picha za mama, naona lile bwawa, naona ile lavenda ya kichuguu. Nilikuwa napigana na maji na hapa kuna mmea unayalilia.

Mahindi nilisahau.

Nilirudi kwa mama na adabu zote nikamwambia nitarudia kazi, alipe vifaa tu. Akaniangalia. "Na samaki?" Nikamwambia mama, safari hii samaki watakuwa na nyumba yao.

Nilichofanya ni hivi. Nilifuata mahali maji yalikuwa yanasimama, nikachimba mtaro uliopinda kutoka geti mpaka chini ya dirisha, nikatandika nailoni, maana huo udongo kiangazi unapasuka na maji yote yanapotelea chini. Ndani nduma, kingoni maua mekundu ya kana na yale meupe ya arum. Pande zote mbili nikainua matuta kwa udongo mwekundu, lori mbili kutoka upande wa Kiambu, sijui elfu kumi na ngapi kila moja, nikachanganya na kokoto. Juu ya matuta lavenda, na nyuma yake agapanthasi, ile inatoa mpira wa buluu juu ya kijiti kirefu. Unaona? Mpira juu ya kijiti. Ile ile ya picha, ila hii haijali Nairobi.

Miche ya nduma nilipata kwa mama mmoja wa bondeni huko Ruaka. Aliposikia ni za kupanda mbele ya nyumba kama maua alicheka mpaka akakaa kwa jembe, halafu akapandisha bei. Na vaeni glavu tafadhali, utomvu wake unawasha, mtu wangu alijikuna mikono mpaka tukafika kwa stage.

Tangu hapo bustani nazitembelea vingine. Naenda Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, asubuhi mvua ikiwa imenyesha usiku, naangalia maji yameenda wapi na nini kimesimama. Kwanza hiyo Arboretum ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kuni za reli, hakuna mtu alikuwa anatafuta urembo, na tazama sasa watu wanapigia arusi picha huko. Kwa nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, nilikaa nusu siku nikajiuliza mbona panapendeza na maua ni ya kuhesabu, mpaka nikagundua ni nyasi, miti, na vilima vya Ngong nyuma, vilima ambavyo hakuna mtu alivinunua. Picha nikipiga nazigeuza nyeusi na nyeupe kwa simu, rangi ikitoka unajua kama hapo kuna bustani au ni kelele tu. Na mtu wa shamba mnunulie soda, anajua kuliko kibao.

Mama alipenda. Majirani walipouliza jina la yale majani makubwa nilikuwa nimemwambia Kolokasia, na si uongo, ndilo jina la kitaalamu. Akawa analitamka vizuri kunishinda mimi, "Ko-lo-ka-si-a." Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Kama miezi minane hivi baadaye dada yake akaja kutoka Murang'a. Hata mkoba hakuweka chini. "Kwani huku Nairobi mnapanda nduma kwa mlango?"

Simu ikanilia jioni hiyo. Nikashika nikiwa nimesimama wima kama niko mbele ya mwalimu mkuu. Nasikia nyuma vikombe vinagongana, watu wanacheka.

"Kijana wangu, tumechimba moja ya Kolokasia."

"Ndio mama."

"Imeiva vizuri. Kuja Jumamosi upande zingine nyuma ya jikoni, hizo za mbele nimemkataza dada asiguse."

Na ile balansi ya kwanza, ile sikuidai, ikaingia kwa M-Pesa kabla sijakata simu.