Dakika ngapi?

"DNase uliiacha dakika ngapi?"

"Thelathini, Dokta."

Akaitazama skrini, kisha akasema taratibu: "Basi hapo, mdogo wangu, umehesabu takataka pamoja na dawa."

Tangu Jumanne maneno hayo yananirudia. Wiki hii makala yetu imekubaliwa na viza imetoka, lakini nikifumba macho nasikia "dakika ngapi" tu.

AAV zetu, virusi vya kubebea jeni ya tiba, mnajua zinavyopikwa: seli za binadamu za maabara ziitwazo HEK293, plazimidi (viduara vya DNA) 3 kwa mpigo, PEI ya kuziingiza kwenye seli, siku 3, halafu seli zinapasuliwa. Shida ni plazimidi zilizobaki zikielea, kwa kuwa mojawapo ina jeni ileile iliyofungwa ndani ya ganda la virusi. qPCR, kipimo cha kuhesabu DNA, haijui kipi kiko ndani na kipi kiko nje. Ikiona DNA, inahesabu. Ndiyo maana DNase, kimeng'enya kinachokula DNA, inatangulia kula vya nje, inauliwa kwa joto, na hapo ndipo ganda linafunguliwa kwa proteinase K, kimeng'enya kinachokula protini. Ukilifungua mapema, DNase inakula na dawa yenyewe.

Na namba hii si ya kupamba jedwali. Mtoto mwenye SMA, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, hupewa Zolgensma, dawa ya jeni inayobebwa na AAV, kwa kipimo cha nakala trilioni 110 za jenomu ya virusi kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu, maana baada ya hapo mwili umeshatengeneza kingamwili. Hesabu ikivimba, mtoto anapata pungufu, na nafasi ya pili hana.

Jana usiku ndipo nilipokumbuka kizibo cha ile chupa niliyozimulia sampuli. Herufi 2 kwa wino wa bluu: TE, bafa (kimiminika) ya kuhifadhia DNA. Hiyo E ni EDTA, kemikali inayonyakua magnesi, na DNase bila magnesi haifanyi kazi hata uiache mpaka asubuhi. Dakika hazikuwa na kosa.

Leo nimerudia kwa bafa yenye magnesi, pembeni nikaweka tyubu ya plazimidi peke yake, ile ambayo ingetangulia kunisuta kama ningeiweka tangu Jumanne. Safari hii plazimidi imeliwa karibu yote. Hesabu ya virusi nayo imeshuka mara 10, na sijafurahia namba kiasi hiki mwaka huu. Kesho asubuhi namwonyesha Dokta zote mbili, ya Jumanne na ya leo.

Mama hapatikani kwenye simu tangu juzi. Dada anasema yuko shamba, lakini akiwa shamba simu huwa inaita.