Kipande Kilichotangulia

Kamera ile niliinunua kwa hasira. Matatu ilikuwa imenikwaruza ubavu wa gari kwenye raundabauti, dereva akashuka na kuapa mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemwingilia, na sikuwa na mtu wa kunisimamia. Wiki hiyo hiyo nikabandika kamera ndogo kwenye kioo cha mbele, nikaitia kadi ya GB 32, nikajiambia kwamba sasa hakuna atakayenisingizia tena.

Miezi ikapita, kamera haikuwa na neno. Gari likiwaka nayo inawaka, gari likizimwa nayo inazima. Kisha ikaja Ramadhani ya 2022.

Anayeijua Mombasa anaijua ile nusu saa ya kabla ya Magharibi. Watu wametoka kazini koo zimekauka, tuktuk zinapenya palipo na nafasi na pasipo na nafasi, na kila mtu ana sufuria inayomngoja mahali. Nilikuwa natoka Nyali ninakofundisha. Nilipitia Kongowea nikachukua nazi na ndizi, nikavuka daraja, nikashika njia ya kwenda kwa mama, Tudor. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alikaa nyuma amepakata bakuli la viazi karai lililofunikwa kitambaa. Jua lilikuwa limeshuka mbele yetu, linapiga kioo moja kwa moja hadi nikashusha kile kibao cha juu na bado nikawa nakunja uso.

Kwenye barabara ya Tom Mboya nikawa nyuma ya tuktuk. Ilipunguza mwendo, ikajivuta, kisha ikakata kulia kuingia mtaa wa pembeni. Pale pale bodaboda ikatokea upande wangu wa kulia kama kitu kilichorushwa, ikaivaa tuktuk ubavuni. Mwendeshaji alipita juu akaangukia upande wa pili. Alikuwa amening'iniza mfuko kwenye usukani, ukapasuka, na kaimati zikabingiria barabarani, nyingine zikaingia chini ya gari langu. Nazikumbuka zile kaimati kuliko damu. Zilikuwa bado zina shira, na vumbi likazishika upesi.

Nilibonyeza kitufe cha kufuli kwenye kamera, kama kitabu chake kilivyoelekeza, ili faili lile lisifutike. Nikashuka. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekwisha fika, wameshachomoa ufunguo wa tuktuk, na dereva wake, kijana mwembamba, amezungukwa. Mguu wa mwendeshaji ulikuwa umekaa vibaya, kila mtu aliona kwamba umevunjika. Mtu mmoja akaniuliza, dada, wewe ulikuwa nyuma, umeona nini? Nikasema kwa sauti, nikiwa na uhakika wote wa duniani: "Amekata bila indiketa. Ninayo kwenye kamera."

Usiku ule, baada ya futari, nilihamisha faili kwenye simu. Nikakata sekunde ishirini. Sauti niliiondoa yote, kwa sababu binti yangu alikuwa akilia kwa kelele tangu pigo, na sikutaka kilio cha mwanangu kizunguke kwenye simu za watu. Nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Kufikia daku ilikuwa imenirudia kutoka kwa watu watatu nisiowajua, na hukumu ilikuwa imekwisha tolewa. Dereva wa tuktuk ndiye mwenye kosa. Tuktuk zote ziondolewe mjini. Kijana anyang'anywe leseni.

Siku ya nne mama aliniambia kwamba kijana yule ni mtoto wa bibi anayeuza mkate wa mofa mtaa wa pili. Tuktuk haikuwa yake, alikuwa akiiendesha kwa hesabu ya kila siku. Ilikuwa imezuiliwa kituoni, na mwenye tuktuk, baada ya kuonyeshwa ule mkanda kwenye simu, alishamwambia asirudi tena hata ikiachiliwa. "Mamake anasema mwanawe ameapa aliwasha taa," mama akasema, akiendelea kupepeta mchele. "Lakini kamera yako yasema hakuwasha. Basi."

Hilo "basi" lake ndilo lililonikera. Mama hakulisema kwa kunishutumu, alilisema kama mtu aliyekubali jambo lililokwisha.

Baada ya tarawehe nilimkuta ami yangu barazani na kikombe cha kahawa chungu. Ami, mdogo wake marehemu baba, ameendesha malori ya mizigo kutoka bandarini hadi Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika familia yetu kesi ya gari huletwa kwake. Nikampa simu. Aliutazama mkanda mara moja, akanirudishia.

"Nionyeshe kabla ya hapa."

"Ndiyo yote hiyo, Ami. Faili lenyewe limeanza hapo, sekunde nne kabla ya pigo."

"Mwanangu, hapa tuktuk tayari iko katikati ya barabara. Alifikaje katikati? Alianza lini kujisogeza? Yule wa boda alikuwa wapi wakati huo? Hivi ulivyonipa ni kama mtu aniitie ugomvi wa nyumbani afungue mlango kofi linapigwa. Nitajuaje nani alianza?"

Nikamweleza kwamba kamera hukata rekodi vipande vipande, yangu kila baada ya dakika tatu, na kadi ikijaa hufuta vya zamani iandike vipya. Kitufe nilichobonyeza kilikifunga kipande cha ajali peke yake. Cha nyuma yake hakikufungwa.

"Basi hicho ndicho nikitakacho," akasema. "Kama bado kipo."

Nilikwenda mbio kwenye gari, sisemi uongo. Kadi ya GB 32 kwa picha za 1080p huchukua saa tano au sita hivi, na tangu ajali nilikuwa nimeendesha kwenda shule na kurudi tu, pengine saa tatu kwa jumla. Nikaitoa kadi kwa kucha, mikono inatetemeka, nikamwamsha mpwa wangu anayetengeneza simu na kompyuta.

Tuliketi naye sebuleni hadi karibu na daku. Faili lilikuwepo. Saa iliyoandikwa pembeni ya picha ilisema 23:02, huku jua linawaka kwenye lenzi. Kumbe sikuwahi kuirekebisha, ilikuwa bado imefuata saa za China ilikotengenezwa, saa tano mbele yetu. Kweli ilikuwa saa kumi na mbili na dakika mbili jioni. Mpwa akalifungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, akanionyesha kwamba ukibonyeza herufi E picha inasogea moja moja. Kamera yangu huchukua picha 30 kwa sekunde. Kwa hiyo sekunde niliyoishi pale barabarani bila kuiona ilikuwa imelazwa mbele yangu vipande 30.

Na taa ilikuwepo. Kwenye mkanda wa simu haikuonekana kwa sababu WhatsApp huikamua video iwe nyepesi, na kwa sababu jua lilikuwa limeifanya nyuma yote ya tuktuk kuwa kivuli cheusi. Lakini kwenye faili la asili, chini kulia, kulikuwa na doa la rangi ya machungwa, dogo kama punje ya mtama. Linatokea, linapotea, linatokea. Taa ya indiketa huwaka na kuzima mara sitini hadi mia na ishirini kwa dakika; ukiikuta imezima kwa nusu sekunde unaapa hakuiwasha. Nililihesabu doa lile mara sita kabla faili halijaisha. Na tuktuk yenyewe ilikuwa imeshajisogeza kwenye mstari wa kati, taa ya breki inawaka, kama dereva yeyote aliyefundishwa kukata kulia.

"Weka sauti," nikamwambia mpwa.

Ilianza na binti yangu akiuliza adhana bado ngapi. Halafu honi. Pi, pi. Nikashtuka, nikatazama dirishani kwa sababu ilisikika kama iko nje. Halafu kwenye faili la pili, sekunde ya kwanza, honi ndefu, inayokokota, honi ya mtu aliyechoka kungoja. Tuktuk ikaruka mbele na kukata. Halafu pigo, na kilio cha mtoto.

Mpwa hakusema kitu. Nikamwambia arudishe. Nikasikiliza mara tatu nikitafuta gari jingine la kulibebesha ile honi, na halikuwepo. Sauti ilikuwa karibu mno, na baada yake nasikika nikisema, "Haya basi, pita!" Sikukumbuka hata chembe. Hadi leo sikumbuki mkono wangu ukienda kwenye honi. Kama si kamera, ningeapa kwa msahafu kwamba sikupiga.

Kesho yake alfajiri, kabla magari hayajaamka, nilikwenda na Ami pale mahali. Alinikataza kukadiria umbali kwa picha, kwa sababu lenzi pana ya kamera hizi huvifanya vitu vionekane vidogo na mbali kuliko vilivyo. Nikapima kwa hatua kutoka usawa wa boneti yangu ilipokuwa hadi pale tuktuk ilipogongwa. Hatua tisa, karibu mita saba. Bodaboda ilizimaliza kwa picha 15, yaani nusu sekunde. Mita saba kwa nusu sekunde ni kama kilomita 50 kwa saa.

Ami alikaa kimya akizipiga hesabu zile kichwani. Kilomita 50 ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa mjini, kwa hiyo kwa mwendo peke yake huwezi kumhukumu yule kijana wa boda. Kosa lake lilikuwa kupita magari mawili yaliyopunguza mwendo kwenye makutano bila kujiuliza yamepunguza kwa nini. "Fungu kubwa ni lake," Ami akasema, "na mguu wake umevunjika, kwa hiyo lisemwe kwa adabu. Wa tuktuk hakutazama kioo chake cha pembeni mara ya mwisho kabla ya kukata. Hilo nalo ni kosa, ijapokuwa dogo. Nusu sekunde hakuna binadamu anayeweza kufanya kitu, hata angeiona."

Kisha akanitazama. Nilikuwa nimemwambia habari ya honi njiani. Hakuniwekea fungu langu, aliniachia nilipime mwenyewe.

Kituoni nilikwenda na kadi yenyewe. Afande aliyeshika kesi hakuwa na haja na mkanda wa WhatsApp tena alipoiona. Akanieleza kwamba Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza rekodi imetoka kwenye kifaa gani na imetolewaje, kikatiwa sahihi. Nikaeleza yote, pamoja na ile saa iliyokosewa, na kwamba mkanda uliozunguka mjini niliukata na kuuzima sauti mimi mwenyewe. Akaandika kwa mkono, polepole, ananisomea kila mstari.

Yule kijana alikuwa pale, kwenye benchi la ukutani na mamake. Alikuja kila siku, nikaambiwa, kuulizia hatima yake. Nilimwamkia mamake, akaitikia bila kuniangalia.

Afande akafungua faili la kwanza kwenye kompyuta ya mezani. Spika zake zilikuwa na mkwaruzo, lakini zilitosha. Adhana bado ngapi. Pi, pi. Akafungua la pili, na ile honi ndefu ikajaza chumba.

Kijana aliinuka pale benchini.

"Niliwaambia," akasema. Hakupaza sauti. "Niliwaambia kuna mtu alinipigia honi nyuma. Nilimwambia mwenye tuktuk, nikamwambia afande wa kwanza. Wakasema mkanda hauna honi."

Afande akasimamisha picha. "Mwalimu, gari gani hili linalopiga honi?"

"Langu, afande. Ni mimi niliyepiga."

Akaigeuza karatasi ya maelezo yangu, akatafuta mahali penye nafasi. Yule mama sasa alikuwa ananiangalia.

"Ulikuwa wakimbilia nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli. Viazi karai vilikuwa vinapoa.