Siku moja maishani mwangu: mchoraji wa meli za doria

Ninafanya kazi kwenye ofisi ya michoro ya meli mjini Gorinchem, Uholanzi. Tunachora meli za doria za majeshi ya majini, zile zinazokwenda bahari ya mbali na kukaa huko wiki tatu, nne. Kwetu ni Tanga. Nikimwambia mtu kazi yangu, awe Mholanzi au wa nyumbani, swali la kwanza ni lile lile: inakimbia kasi gani? Nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwa hiyo leo naandika siku nzima ya kazi, Jumanne ya Novemba, mjionee.

Saa 12:00 asubuhi

Giza bado limetanda na mvua ya manyunyu haijakatika tangu jana. Chai ya tangawizi ndani ya chupa, mkate wenye siagi uliomwagiwa punje za chokoleti. Hapa hata mzee mwenye mvi hula hivyo, nami nilishaacha kuona haya. Mwenzangu anayeshughulikia hesabu za mawimbi ananipitia kwa gari. Leo ofisini baadaye. Kwanza Wageningen, kwenye mabwawa ya MARIN, taasisi ya Uholanzi ya utafiti wa meli, ambako modeli ya meli yetu, yaani mfano wake mdogo, inatiwa kwenye mawimbi.

Saa 2:00 asubuhi

Bwawa lenyewe lina urefu wa mita 170, upana mita 40, kina mita 5, na pande mbili zimepangwa mashine za kutengeneza mawimbi. Unaagiza bahari uitakayo: mawimbi ya mbele, ya ubavuni, ya kukimbiza nyuma. Juu yake linapita gari kubwa la vipimo linaloifuata modeli kokote iendako.

Meli yetu itakuwa na mita 90. Modeli ina mita nne na nusu, yaani moja ya ishirini. Imepakwa rangi ya njano, na kwenye omo, yaani mbele, imechorwa mistari yenye namba ili kamera ione maji yamefika wapi. Ndani hakuna nafasi ya kupitisha mkono: betri, mota, propela zake mbili zinazozunguka kweli, na vipande vya madini ya risasi vya kusawazisha uzito. Fundi anavisogeza kidogo kidogo, anaitikisa modeli kwa kidole, anapima muda wa kuyumba, anavisogeza tena. Asubuhi nzima ingeweza kuisha hapo na asingejali.

Mawimbi ya leo yana sentimita 15, kwa meli halisi ni mita 3. Si tufani. Ni siku ya kawaida ya upepo wa kusi huko kwetu nje ya miamba. Mwendo tuliochagua ni noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa, na hapa ndipo wageni hushangaa. Kwa nini noti 8 wakati injini zinaweza 22?

Kwa sababu meli ya doria sehemu kubwa ya maisha yake haikimbizi mtu. Inazurura, inatazama rada, inasubiri. Na meli nyembamba inayozurura polepole huku mawimbi yakiipiga ubavuni huenda mrama vibaya, yaani huyumba kulia na kushoto. Yale mapezi ya pembeni ya kutuliza mtikisiko hufanya kazi vizuri meli ikiwa na mwendo, kwa kuwa yanahitaji maji yapite juu yake kwa nguvu. Kwenye noti 8 yanasaidia kidogo tu.

Modeli inaachiwa. Kwa kuwa ni ndogo, kila kitu ndani ya bwawa huenda haraka: mrama ambao baharini ungechukua sekunde 10, hapa ni sekunde mbili na ushei. Kwa macho ni kama kitoto kinachorukaruka kwenye beseni. Ukiipunguza kasi video ifikie muda halisi, unaacha kucheka. Unafikiria mpishi aliyeshika sufuria ya maharage.

Saa 4:00 asubuhi

Sasa tangi. Ni tangi lenye umbo la U linalokata meli kutoka ubavu hadi ubavu, limetiwa maji nusu. Halina mota wala pampu. Maji yake hucheleweshwa makusudi, ili meli inapoanza kuinamia kulia maji yawe bado yamejaa kushoto, yakiivuta irudi. Kwenye modeli yametiwa rangi nyekundu ili tuyaone.

Tunarudia mawimbi yale yale, mwendo ule ule. Mrama umepungua karibu nusu. Mwenzangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, anasema tu kwa Kiholanzi kwamba si mbaya.

Tangi lina gharama yake. Linakula nafasi ya vyumba viwili vya mabaharia, na maji yanayocheza ndani ya meli hupunguza uthabiti wake, lazima urudi kwenye hesabu uufidie. Mteja wetu, jeshi la majini la nchi nisiyoruhusiwa kuitaja, alikuwa hajaamua. Mimi nilishaamua zamani.

Saa 6:30 mchana

Chakula cha mchana ni mkate na jibini tena. Ninasikiliza ujumbe wa sauti wa mjomba, aliyekuwa nahodha wa jahazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa. Ninampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Chombo chenu kinakimbia vipi?"

Hata yeye! Namwambia 22. Anaguna. Boti za Unguja zinafika 30 na kupita, anasema, na zimebeba akina mama na magunia.

Ninamweleza hivi. Nguvu ya injini haipandi sawasawa na mwendo. Ukitoka noti 20 kwenda 25, nguvu unayohitaji inakaribia maradufu, na kwa meli ya urefu huu hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu wimbi inalolizusha yenyewe linakuwa mlima inaoupanda. Injini kubwa zaidi, mafuta mengi zaidi, meli nzito zaidi, bei juu. Waholanzi wenyewe walipojenga zile meli nne za doria za aina ya Holland, za mita 108, waliridhika na noti 21.5. Wafaransa wana meli mbili, Floréal na Nivôse, pale kisiwani Réunion, zilizojengwa miaka ya tisini kwa taratibu za meli za biashara. Noti 20 tu, lakini kwa mwendo wa noti 15 zinakwenda maili 10,000 bila kuongeza mafuta. Na ndizo zinazokamata majahazi ya heroini huko kaskazini ya bahari yetu. Anayekimbiza ni helikopta na boti ndogo. Meli yenyewe ni kituo.

Eneo la bahari la Tanzania peke yake ni kilomita za mraba 223,000 hivi. Hulilindi kwa kukimbia.

Mjomba ananyamaza kidogo, kisha anauliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuanza nalo: "Na hizo boti ndogo mnazishushaje kukiwa na kusi?"

Saa 8:00 mchana

Hilo ndilo jaribio la mchana. Mchoro wa kwanza ulikuwa na mteremko shetrini, yaani nyuma ya meli: unafungua mlango, boti inateleza nje, na ikirudi inapanda yenyewe kama mamba. Haraka, na inapendeza kwenye video za maonyesho ya silaha. Tunaagiza mawimbi ya kukimbiza nyuma. La kwanza linapita. La pili linaingia mlangoni, linajaza mteremko, linarudi na povu. Ungekuwa na watu sita wamekaa kwenye boti pale, ungeomba radhi kwa familia zao.

Nahodha anaweza kugeuza meli kwanza, bila shaka, na wengi hufanya hivyo. Mimi napendelea kreni mbili katikati ya meli, kulia na kushoto. Katikati ndipo meli inapopanda na kushuka kidogo zaidi, na ukiwa na mbili, moja itakuwa upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, siku zote. Shetri ibaki na sitaha tupu ya kontena: leo vifaa vya wapiga mbizi, kesho dawa na maji, kesho kutwa droni. Meli ya Ireland, Samuel Beckett, ilipelekwa Mediterania mwaka 2015 kuokoa wahamiaji. Siku kama zile sitaha tupu ina thamani kuliko mzinga.

Saa 10:30 jioni

Ofisini. Barua pepe ya mteja: anaomba mzinga wa milimita 76 badala ya ule wa 30.

Ninafungua jedwali la uzito, ambalo ndilo bosi wangu wa kweli. Mzinga huo ni zaidi ya tani saba kabla hujaweka risasi, na umekaa juu, mbele, mahali pabaya kuliko pote. Chini yake ghala la risasi, juu yake mtambo wa kulenga. Waingereza wamezituma meli zao za doria Tamar na Spey kuzunguka bahari za Hindi na Pasifiki tangu 2021 wakiwa na mzinga wa 30 tu, na kazi inaendelea. Lakini Waingereza wana manowari nyingine za kupigana. Mteja wetu hana. Meli hii ndiyo itakayokuwa kubwa kuliko zote alizonazo, na jirani zake wanatazama. Siwezi kumcheka.

Ninahesabu. Inawezekana, kama chumba cha rada kitashuka nusu mita na tangi la U litabaki. Bila tangi, mzinga huo utakuwa unalenga mawingu na samaki kwa zamu.

Saa 12:40 jioni

Nimejibu: mzinga sawa, tangi lazima, kreni mbili katikati, vyumba viwili vimeondoka, kasi imeshuka hadi 21.5. Nimeambatanisha video mbili za asubuhi, ya bila tangi ikitangulia. Kesho kwao ni sikukuu, kwa hiyo jibu labda Alhamisi, na nina hakika litaanza na ile nusu noti.